Neno "Amepona" kwenye Kadi ya Somoe

Wiki mbili baada ya kukabidhi funguo za friza, vijana wa maabara mlinifuata nyumbani Ufukoni mkanitaka niandike. Mlitaka kujua kazi yetu ilikuwaje kabla ya mashine hizi zinazosoma sampuli zenyewe huku ninyi mkinywa chai. Nimekubali, kwa masharti yangu. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitaandika nilivyofundishwa, vyombo nilivyovitumia, na kosa moja kubwa nililolifanya kwa mwandiko mzuri. Niliandika neno moja kwenye kadi ya mwanamke wa Kitaya anayeitwa Somoe, na neno hilo nusura limkoseshe shamba lake la mikorosho. Halikumkosesha. Nalisema mapema ili msome bila presha kupanda.

Mimi ni mtoto wa Upare. Nilifika Mtwara nikiwa nimeolewa na mfanyakazi wa bandari, mtoto mgongoni, na cheti cha maabara ambacho nilikuwa sijapata hata mtu wa kumwonyesha. Watumishi tuliohamishiwa huku enzi zile tulilia wakati wa kuja kwa sababu ya barabara, na wengi walilia tena wakati wa kuhama kwa sababu ya samaki. Nilikuja na mablanketi mawili mazito ya kwetu. Yako sandukuni hadi leo, na moja halijawahi kutandikwa.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Likuta, Mmakonde wa Newala, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alianza kwa kuosha chupa za damu akaishia kuwafundisha waliotoka vyuoni. Siku yangu ya kwanza nilivaa koti jeupe nililolipiga pasi mpaka likawa gumu kama kadibodi. Mzee Likuta alinitazama akasema, "Binti, koti zuri. Sasa nenda kakae kwenye benchi na wagonjwa."

Nilikaa mpaka saa sita. Alipokuja akaniuliza ni nani pale anayeumwa kuliko wote. Nikamtaja mwanamume mmoja aliyekuwa akilia kwa sauti.

"Yule ana jipu," akasema. "Anayeumwa ni yule mama aliyekaa kimya, kajitanda kanga safi, kakuamkia vizuri. Huku kwetu mtu akizidiwa ndo anajikaza. Usimwangalie usoni, utaibiwa. Angalia mikono."

Nilidhani ni maneno ya mzee. Nilikuwa nimefaulu mitihani, na hakuna mtihani uliokuwa umeniuliza habari za kanga safi.

Darubini yetu ya kwanza ilivuta mwanga kwa kioo kidogo kinachoelekezwa juani. Wingu likipita kazi inasimama, na mgonjwa anaambiwa asubiri jua. Mashine ya kuzungushia damu, ile ya kutenga maji ya damu na chembe zake, ilikuwa ya mkono. Ukizungusha ukachoka katikati, unaanza upya. Baadaye ikaja ya umeme, nasi tukajifunza kusubiri umeme kama tulivyokuwa tukisubiri jua. Sampuli tulizibeba kwenye visanduku vya barafu, na nilizoea kulala usingizi mwepesi, sikio moja likiwa kwenye jenereta. Wakati fulani tuliweka friza la utafiti Msimbati, nikalifungua asubuhi nikamkuta nguru mkubwa kalala juu ya chupa zetu. Mlinzi aliniambia kwa upole kwamba nafasi ilikuwepo. Nikampa somo la nusu saa juu ya sampuli za binadamu, na nguru mwenyewe hakuliwa na mtu tena baada ya somo hilo. Mnisamehe, lakini hiyo ndiyo elimu ya afya iliyofanikiwa kuliko zote nilizowahi kutoa.

Homa yenyewe mnaijua. Kirusi chake kinaletwa na mbu anayeuma mchana, mtu anawaka moto siku chache, viungo vinauma mpaka anakunjika. Chikungunya ni jina la Kimakonde, linasema habari ya huko kukunjika, na liko kwenye vitabu vya dunia nzima. Mzee Likuta alijivunia hilo kwa namna yake. "Sisi tumeuchangia ulimwengu vinyago na homa," alikuwa akisema.

Vitabu nilivyosoma mimi viliiweka homa hiyo kwenye ukurasa mmoja: inauma, inapita, mtu anapona. Mzee Likuta hakukubaliana na ukurasa ule. Alisema kwao kuna watu waliopata homa wakiwa vijana na wakaja kuzeeka na vidole vilevile vibovu, na kwamba hakuna aliyewahi kuja kuwauliza. Alistaafu bila kuona mtu akija kuuliza. Aliponikabidhi rejesta zake aliniambia, "Damu haidanganyi, binti. Ila haijibu swali usiloliuliza."

Aliyekuja kuuliza ni Daktari Anitha, miaka mingi baadaye, baada ya msimu mmoja wa mvua ambapo homa ilipita vijiji vya mto Ruvuma nyumba kwa nyumba. Alikuwa kijana kuliko mwanangu wa kwanza, anaongea haraka, anasahau kula. Swali lake lilikuwa fupi. Kwa nini watu wawili wanaumwa na mbu mmoja, wanapata homa moja, mmoja anarudi shambani baada ya wiki mbili na mwingine anakaa mwaka mzima hawezi kufungua kifuniko cha sufuria? Je, kirusi kinabaki kimejificha ndani ya viungo? Au kimeshaondoka, na ni mwili wenyewe unaoendelea kupigana peke yake? Nilipenda swali lile. Nilimwambia nitafanya naye kazi mpaka mgongo unikatae.

Tuliandikisha watu wa Kitaya na vitongoji vyake, kila mmoja kwa hiari yake, kwa sahihi au dole gumba. Kila baada ya miezi mitatu tunakwenda zahanati, tunachukua damu ya kupima uvimbe wa ndani ya mwili, tunauliza maswali ya dodoso, na kila mtu anabana kifaa cha mkono chenye mshale. Ukibana kwa nguvu mshale unapanda. Watu walikipenda kifaa hicho kuliko mimi na daktari kwa pamoja. Wanakijiji waliniita Mama Sindano, na kila mshiriki alikuwa na kadi yake ambayo mimi niliandika hali yake: anaumwa, ana nafuu, au amepona.

Utaratibu wa kuwaita ulikuwa wangu, na niliona fahari nao. Siku tatu kabla ya safari nampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, yeye anapita akitangaza. Mahudhurio yakawa mazuri ajabu. Tukifika tunawakuta wamejipanga, wameoga, wamevaa. Daktari Anitha alinisifu mbele ya wageni kutoka makao makuu, nami nikainama kwa haya kama mtu ambaye hakutarajia sifa, ingawa nilikuwa nimezitarajia sana.

Sasa nimfikie Somoe. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, anayeishi na binti yake Rehema. Shamba la mikorosho alilolima lilikuwa la upande wa mama yao, maana kwa watu wa huku mali nyingi hupita kwa mama, na kaka ndiye msimamizi wa dada zake na watoto wao. Kaka yake ni Hamisi. Watoto wa Somoe walimwita njomba, na baada ya muda sote tukamwita njomba Hamisi. Naye aliugua homa ileile msimu uleule, lakini tulipomkaribisha kwenye utafiti alisema hana muda, yeye ameshapona.

Mara mbili za mwanzo nilimwandika Somoe kwamba ana nafuu. Mara ya tatu mshale wake ulipanda vizuri. Kipimo cha papo hapo kilionyesha damu yake imetulia, haina uvimbe. Nilipomuuliza hali alijibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Nilipomuuliza kama ametumia dawa aliyopewa zahanati, akasema hajapewa chochote. Nikaandika AMEPONA, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Nilifurahi kwa ajili yake.

Njomba Hamisi alikuwa amesimama mlangoni siku hiyo, amekuja kumchukua dada yake. Akaniambia, "Mama Sindano, huyu mnamtibu nini? Siku ya kuja kwenu anatembea kama bi harusi. Mkishaondoka hawezi kuokota hata kolosho moja."

Somoe akatazama chini. Mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Jibu la utafiti mzima lilitamkwa mbele yangu mchana kweupe, kwa Kiswahili, na mtu ambaye hakuwa hata mshiriki, nami nikalipokea kama utani wa kaka na dada.

Huko Mtwara mjini Daktari Anitha alikuwa anakuna kichwa. Damu zilikuwa zimetulia kupita kiasi. Karibu watu wote walionekana wazima ndani ya miezi michache, kama ukurasa ule wa kitabu ulivyosema. Hakupenda, lakini mtafiti mwaminifu hachagui matokeo. Akaanza kuandika ripoti kwamba ugonjwa wa kudumu baada ya homa hii, kwa watu wa huku, si tatizo kubwa, na utafiti ufungwe.

Safari ya nne iliharibika kwa sababu ya gari. Bakari, dereva wetu, aliniambia gari litaingia gereji wiki inayofuata, kwa hiyo ama tuende wiki hii au tusiende kabisa. Nilimpigia mwenyekiti, simu haikupatikana. Nikasema tutajitangaza wenyewe tukifika. Tulifika Jumanne jioni, tukalala kwa muuguzi wa zahanati, na Jumatano kulipopambazuka nikaenda kwa miguu nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Somoe.

Alikuwa amekaa kibarazani, mikono yote miwili ndani ya beseni la maji ya moto. Rehema alikuwa amepiga magoti akimfunga kanga, kama unavyomfunga mtoto. Somoe aliponiona alishtuka mpaka maji yakamwagika.

"Lahaula! Mama Sindano! Mbona leo? Si bado wiki nzima? Mie sijameza!"

"Hujameza nini?"

"Dawa ya kuja kwenu."

Nilidhani sijaelewa. Rehema akamfungulia pindo la kanga, akatoa kipakiti cha nailoni chenye vidonge vitatu: kimoja cheupe, kimoja cha njano, na kimoja kidogo sana. Hicho kidogo nilikifahamu. Hospitali tunakitoa kwa kuhesabu siku, maana kinazima uvimbe mwilini haraka, na kikizoeleka kina hatari zake. Gulioni mchuuzi mmoja alikuwa akiviuza vyote vitatu kwa pamoja kama dawa ya maungo.

"Unameza lini?"

"Mwenyekiti akitangaza tu, tunakwenda kununua. Siku tatu, pakiti moja moja. Mtatoka Mtwara mpaka huku, mnatupima, mnatupa soda, halafu mnikute nnatambaa? Daktari yule mdogo atajisikiaje, aone kazi yake yote bure? Aibu gani hiyo!" Akajaribu kucheka. "Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Ndo tulivyokuwa tunapona."

"Mnameza wewe na nani?"

"Sote."

Nilimpa kifaa abane. Vidole havikufunga vizuri. Mshale ulipanda kidogo, ukagoma. Nikatazama mikono ile iliyovimba kwenye vifundo, nikamkumbuka Mzee Likuta na benchi lake, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini. Hawakutudanganya watu wale. Walitukirimu. Walijikaza kwa heshima yetu, na mimi kwa tangazo langu la siku tatu nilikuwa ninawapa muda wa kujikaza.

Nikamwomba kadi yake nilifute lile neno. Rehema ndiye aliyesema, "Kadi anayo njomba. Aliichukua juu ya kabati. Ijumaa kuna kikao."

Akanieleza yote, na hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Shamba la Somoe lilikuwa limeota nyasi, korosho zilikuwa zinaozea chini. Kaka yake alikuwa amechoka kuwaeleza majirani. Kila Somoe aliposema anaumwa, yeye alimwita mvivu akamwonyesha kadi yenye herufi kubwa na mstari wa rula. Ijumaa wazee wa ukoo wangekaa kuamua shamba liende kwa mdogo wao wa mwisho, Asha, na ushahidi ulikuwa mwandiko wangu. Nikakaa kwenye ngazi ya kibaraza.

"Ukitaka, nije kikaoni," nikamwambia. Mnazijua kanuni zetu: habari za mshiriki ni zake, hatuzisemi mbele ya watu bila yeye kutaka.

"Uje," akasema. "Lakini watataka nije nimemeza au nsimeze?"

"Hilo amua mwenyewe, dada."

Mtandao wa simu pale unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya zahanati. Nilipanda kichuguu kile na umri wangu, nikampigia Daktari Anitha, nikamweleza yote bila kujitetea.

"Ripoti nilikuwa naituma kesho," akasema.

"Usiitume."

"Una uhakika, Mama?"

"Ninayo pakiti mkononi."

Nilisikia akivuta pumzi ndefu. Nilitarajia anifokee, na alikuwa na haki. "Asante Mungu," akasema. "Na umwambie Bakari asante kwa gari bovu." Kisha akaanza kuongea haraka kama kawaida yake, nami nikajua tumepona. Niliteremka nikiwa mwepesi, ingawa magoti yalikuwa na maoni tofauti.

Yaliyofuata mnayasoma kwenye ripoti, kwa hiyo nitayapitisha upesi. Tulianza upya. Tulikwenda alfajiri, nyumbani kwa mtu, kwa ruhusa yake, bila kutangaza siku. Badala ya kuuliza kuhusu dawa za zahanati tuliweka vidonge vya kila aina kwenye sahani tukasema, "Tuonyeshe unachokifahamu," na watu wakaonyesha huku wakicheka. Waliokuwa wamezoea kile kidogo hatukuwaambia waache ghafla. Daktari aliwapunguzia polepole, maana kukiacha kwa mkupuo ni hatari nyingine. Damu za asubuhi zikaongea. Kwa wale wenye maumivu, uvimbe wa ndani ulikuwepo muda wote. Kirusi chenyewe hatukukiona kwenye damu zao. Kama kimejificha ndani ya viungo, au kama mwili umesahau kushusha silaha, hilo bado hatujalimaliza, na ndiyo kazi niliyowaachia pamoja na funguo. Lakini hakuna tena mtu anayeweza kuandika kwamba tatizo halipo. Kwa hilo ninalala vizuri.

Nirudi kwenye Ijumaa ile. Bakari alirudisha gari, mimi nikabaki kwa muuguzi. Kikao kilikuwa asubuhi, kibarazani kwa njomba Hamisi, mikeka imetandikwa, wazee watano na Asha mwenyewe kajikunja pembeni kama mtu asiyetaka kuwepo. Somoe alitoka kwake bila kumeza kitu. Ni nyumba tatu tu, lakini alizipita taratibu, Rehema kamshika kiwiko, na watu wakaacha kuongea walipomwona. Alishindwa kukaa mkekani peke yake. Ikabidi Asha ainuke amsaidie. Mwaka mzima alikuwa amekwepa aibu hiyo, na siku hiyo aliileta mwenyewe mbele ya wazee wake. Mimi nisingeweza.

Njomba Hamisi alitoa kadi kwenye mfuko wa shati. "Wazee wangu, mie sina maneno mengi," akasema. "Karatasi ya wataalamu hii hapa, inasema kapona. Mtu kapona, shamba nyasi. Mie nnaomba lipewe mkono unaoweza."

Somoe aliniangalia akaniitikia kwa kichwa. Nikainuka.

"Shikamooni wazee. Mwandiko huo ni wangu," nikasema. "Na sio kweli."

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo serikali imekosea?"

"Serikali haijakosea, baba. Nimekosea mimi." Nikaeleza habari ya tangazo, na vidonge, na siku tatu. Sikuficha jambo, wala sikutumia neno la kitaalamu hata moja. Nikaomba kadi, nikakata lile neno mbele yao, nikaweka sahihi.

Njomba Hamisi aliipokea tena kadi akaikazia macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

"Hivyo vidonge," akasema polepole, "vina rangi gani?"

"Cheupe, cha njano, na kidogo."

Akaingiza mkono mfuko uleule uliotoka kadi, akatoa kipakiti cha nailoni, akakiweka mkekani. Somoe alikitazama kipakiti, kisha akamtazama kaka yake kama anamwona kwa mara ya kwanza baada ya safari ndefu.

"Kila siku nkienda shamba," njomba Hamisi akasema. "Tangu homa ile. Nkajua ndo kuzeeka. Mie nnaumwa nnalima, basi nkasema na yeye alime." Akamgeukia mzee aliyekaa katikati, kaka wa mama yao. "Shamba libaki lilipo, njomba. Watoto wetu watasaidiana kuokota."

Wazee wakaitikia. Asha alilia kwa furaha ya kutopewa shamba. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia pia, kimya kimya, mtu mzima na koti langu jeupe, kwa nafuu tupu. Niliporudi nilimwambia njomba Hamisi asiache vidonge peke yake, amsubiri Daktari. Nikamwomba ruhusa nipite kesho alfajiri, kabla hajameza cha siku hiyo. Akasema nipite.

Nilipofika Jumamosi Somoe alikuwa ameshatangulia, amekaa karibu na kaka yake. Nikampa njomba Hamisi kifaa. Alikishika kwa dharau kidogo, kama mwanaume anayepewa mchezo wa watoto, akabana. Akabana tena huku ameuma meno. Mshale uliinuka kidogo sana.

Aliutazama mpaka ukarudi chini. "Wa Somoe ulifika wapi?"

Nikamwangalia Somoe. "Mwambie tu," akasema.

Nikamwonyesha kwa kidole. Ulikuwa umepita wake.

Njomba Hamisi akakitua kifaa mkekani taratibu. "Kumbe mvivu ni mie," akasema.

Somoe akacheka mpaka akajishika mbavu. Alipotulia akaweka mkono wake uliovimba juu ya mkono wa kaka yake uliovimba.

"Hapana mvivu hapa, kaka," akasema. "Tunaumwa."